Vipande vya Kwapani

3 Machi

Mdogo wangu Kibonge,

Hujambo huko mlimani? Kifua kimepona? Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Mimi mzima, ila nanukia karanga mpaka kwenye nywele.

Nimekutumia sanduku la vile vipande vya chakula cha karanga ninavyotengeneza maabarani. Kimoja kinamtosha askari kutembea nusu siku, na kinaingia mfukoni. Fomu za maoni mtakazojaza ndizo zitakazoamua kama jeshi litavichukua. Kuleni, kisha mseme kweli.

Dada yako

29 Machi

Shikamoo dada,

Kifua kimepona. Fomu umeshazipata, zote zimeandikwa "nzuri sana". Usizifurahie. Sajenti wetu alipojua anayevitengeneza ni dada yangu, aliwaamuru wote waandike hivyo, akidhani ananisaidia.

Ukweli ni kwamba asubuhi, kwa baridi hii, vinakuwa tofali. Tunavibana kwapani mpaka vilainike, na kuna mwenzetu kwapa lake tumelipiga marufuku. Tena ni vitamu mno, vinaleta kiu, na maji yako mbali. Wengi huvitupa njiani kupunguza mzigo. Nisamehe.

Mdogo wako

12 Aprili

Kibonge,

Marahaba. Nililia, nikacheka kwa ajili ya hilo kwapa, kisha nikampelekea mkuu wangu barua yako. Alikuwa ameshaandaa hotuba ya kunipongeza. Amenuna, lakini amenipa wiki tatu nivirekebishe. Nikishindwa, kazi hii inafungwa.

Kosa ni langu. Nilivionja mezani, kwenye chumba chenye joto, na kikombe cha chai mkononi. Sasa navilaza kwenye friji, navitafuna alfajiri bila maji. Nimepunguza sukari, nimeongeza mafuta ya karanga na chumvi. Sanduku jipya litawafikia mwanzoni mwa Mei. Safari hii mwambie sajenti asinisaidie.

Dada yako

30 Mei

Kibonge,

Uko salama? Tumesikia daraja limesombwa na hakuna gari linalopanda kwenu. Mama hagusi chakula. Naogopa, mdogo wangu. Kama mna vile vipande tu, basi mmebaki mikononi mwangu. Andika hata mstari mmoja.

Dada yako

17 Juni

Shikamoo dada,

Sote tuko hai. Siku kumi na moja bila gari, tulikula vipande vyako vipya, viwili kwa siku kila mtu. Hakuna aliyetupa hata kimoja. Mkanda wangu umerudi ndani tundu moja tu, mwambie mama ale.

Asubuhi bado tunaviweka kwapani, kwa mazoea tu. Vinalika bila hivyo.

Fomu ni hizi, kila mtu kajaza yake. Mmoja analalamika chumvi imezidi. Sajenti, kwenye sehemu ya maoni, ameandika neno moja: "Leteni."

Mdogo wako