Mke Wangu Kaficha Jembe, Eti kwa Sababu ya Moyo

Mshauri wetu, salaam kutoka Mlola. Naomba unisaidie kupata jembe langu. Mimi ni mkulima wa viazi, nilianza na kipande cha kuazima na sasa nina ekari tatu za kununua mwenyewe, sikurithi hata tuta, na kwa miaka nasumbuliwa na baridi yabisi, vidole vinavimba, magoti yanavimba, sasa kifua nacho kikaanza kubana na daktari akasema ugonjwa umefika kwenye utando unaozunguka moyo, umevimba na unajaa maji, akanipa vidonge nimeze kila siku na nisilime mpaka aseme. Nikapiga hesabu za shambani. Dawa ya kuzuia ugonjwa wa majani ya viazi napuliza ukungu ukishuka, jua likiwaka sipulizi, hasara ya nini? Basi na vidonge nikameza siku za ukungu tu, ndipo viungo huuma, na nusu ya dozi ninayo mpaka leo. Badala ya kunipongeza, mke wangu Yunis akanijia juu: "Baba Eliza, daktari kasema kila siku, hakusema kila ukungu!" Na tangu nianze kulala nimekaa kitini, maana nikijinyoosha pumzi inakata, kaficha jembe. Nimetafuta stoo, zizini, mpaka kwa jirani. Viazi vinataka palizi. Mwambie alirudishe.

Fanueli

MSHAURI: Fanueli, pole kwa maumivu. Pongezi sina. Hata kwenye viazi umekosea: anayengoja ukungu ushuke ndipo apulize, hupulizia majani yaliyokwisha kuungua kwa ugonjwa. Utando wa moyo unavimba hata jua likiwaka. Viazi vikioza utapanda tena. Wewe ukifa, Yunis atapanda nini?

Anayeshindwa kulala kwa kukosa pumzi hangoji siku ya kliniki. Nenda hospitali leo, na Yunis aende nawe. Beba vidonge vilivyobaki, umweleze daktari habari ya ukungu bila kuipamba. Usivimeze kwa mkupuo kufidia, wala usiache tena kwa hesabu zako. Dozi anaipunguza yeye. Maji yakiwa mengi, huko wanajua kuyatoa.

Nilipiga namba uliyoandika, akapokea Yunis. Nikamuuliza jembe liko wapi. "Uvunguni mwa kitanda chetu, dada. Huko hajatafuta, akiinama tu anahema."

Kwa hiyo sasa unajua lilipo. Daktari akisharuhusu, inama ulitoe mwenyewe. Ukishindwa kulifikia, bado hujapona.