Tarakimu za Kiangazi Nilizozikata

Baba yangu,

Shikamoo. Nimetua kalamu kidogo kabla ya kuendelea, kwa mazoea tu ya kungoja marahaba yako.

Asubuhi hii nimetoka mtoni. Ile rula ndefu ya chuma ya kupimia kina cha maji, uliyokuwa ukiisoma kila siku, asubuhi na jioni, bado ipo chini ya daraja la kwenda Matombo, imeinama kidogo. Nimeifuta tope kwa kiganja kama ulivyokuwa ukifanya. Unakumbuka Idi ile uliyonipitisha mtoni kwanza, wewe na kanzu yako nyeupe, mimi na gauni jipya? Mama alitugombeza mlangoni, akasema mto hauendi popote. Ukamjibu kwamba mto ndio unaokwenda kuliko sisi sote, ukakunja kanzu ukashuka. Uliniachia daftari niandike kipimo mwenyewe, nikajiona mkubwa siku nzima.

Nilisomea maji kwa sababu ya daftari lile, sina sababu nyingine. Nikaajiriwa mjini Morogoro, nikapewa kazi ya kutengeneza modeli ya mto wetu kwenye kompyuta. Swali lilikuwa jepesi kulisema: tukiyaelekeza maji ya masika kwenye mabwawa ya mchanga yazame ardhini, je, yatakaa huko mpaka mwezi wa kumi visima vinapokauka, au yatapenya yarudi mtoni? Jibu lilihitaji vipimo vya mto wakati wa kiangazi, na mwenye vipimo hivyo alikuwa mtu mmoja tu, wewe.

Nilifungua madaftari yako, nikakuta kiangazi chote tarakimu zilezile. Sentimita thelathini na nne, thelathini na nne, wiki baada ya wiki. Mwenzangu wa ofisini akacheka, akasema hizo zimepikwa. Wasoma vipimo wengine tulishawakamata kwa mchezo huo wa kuandika bila kufika mtoni. Niliona aibu, Baba. Niliogopa waseme nakubeba kwa kuwa u baba yangu, nikazikata zote kabla hata sijaambiwa. Modeli ikabaki ikiamini kwamba ardhi yetu haiupi mto chochote.

Uliponiuliza kama madaftari yamefaa, nilikwambia kwamba ya kiangazi yana kasoro. Ulikuwa unamenya chungwa. Ukaliweka chini.

“Maji hayakuwa yakibadilika, mwanangu. Ningeandika nini?”

Nikakujibu kitaalamu, maneno marefu, mpaka ukarudi kwenye chungwa lako. Uliendelea kwenda mtoni, ila daftari hukunionyesha tena, nami sikuliomba. Masika yaliyofuata ukatutoka.

Mabwawa yalichimbwa. Maji yalizama vizuri, tukapiga picha, tukapongezana. Mwezi wa kumi visima vikakauka kama zamani, na wanawake waliotupikia chai siku ya uzinduzi wakarudi kushuka mtoni na ndoo. Maji yetu yalikuwa yamepenya chini kwa chini, yakatokea mtoni na kwenda zake kabla kiangazi hakijakolea.

Ndipo niliposhuka na daftari jipya kwenye rula yako. Siku ya kwanza, thelathini na nne. Ya pili, hivyohivyo. Siku ya kumi na mbili nilikaa juu ya jiwe nikalia. Mto ule unalishwa na ardhi, ndiyo maana hautikisiki, na wewe uliliona hilo miaka yote. Ulichoandika ndicho hasa nilichokuwa nikikitafuta.

Nimezirudisha tarakimu zako. Modeli sasa inasema mabwawa yahamishiwe juu, mbali na mto, ili maji yachelewe kuufikia. Kwenye taarifa nimeandika kwamba nilizikata bila kwenda kuangalia, na nimeisoma mbele ya mkutano wa kijiji. Mama alikuwepo. Mkutano ulipokwisha alinikabidhi daftari lako la mwisho, lile ambalo hukunionyesha.

Nimelifungua leo pale mtoni. Kila siku umeandika tarakimu, na pembeni yake, kwa mwandiko wako wa kuinama, umeongeza maneno mawili ambayo zamani hukuwahi kuyaandika: “Nimefika mwenyewe.”

Nisamehe, Baba. Lala salama.

Ni mimi mwanao, uliyemwachia daftari siku ya Idi.