Kufuli la Boneti

Jumatatu, 14 Julai 1986
Rejeta imekauka tena! Jana niliijaza maji mwenyewe hadi shingoni. Leo Landrova imekwenda Nyakakika na kurudi — lita nne hazipo. Nimelala chini ya gari kutafuta tone. Hakuna. Mipira ya maji mikavu. Dereva wangu Mbonimpa anasema injini inayanywa. Inayanywa! Kiangazi hiki maji tunayabeba kutoka bondeni, halafu bustani ya mke wake, Kokuhirwa, ni kijani tupu. Nimepita kuangalia. Udongo umelowa.

Jumatano, 16 Julai
Binti yetu Celestina amefika, kaja kujifungulia kwetu. Mimba ya kwanza. Landrova ndiyo itakayompeleka hospitali, kwa hiyo sitaki mchezo.
Asubuhi nilifunga uzi mweusi kwenye mfuniko wa rejeta, fundo nilijualo mimi. Jioni fundo liko vilevile, maji yamepungua. Nimewaza sana. Kokuhirwa ana cherehani — nyuzi nyeusi anazo tele!

Alhamisi, 17 Julai
Kayanga, kwa fundi Shaaban. Kachomoa kijiti cha oili: oili imepauka kama chai ya maziwa. Eti gasketi imeungua, maji yanaingia ndani ya injini, nisipande mlima na gari hili kabla ya kuibadilisha. Maneno yaleyale ya Mbonimpa! Wamekaa wakapanga, hao. Nimemshukuru nikaondoka.
Mama Celestina ananicheka. Anasema hata kivuli changu nitakiwekea mlinzi.

Ijumaa, 18 Julai
Nimejaza maji, nimetia komeo kwenye boneti, na kufuli. Ufunguo mmoja, mfukoni mwangu. Nimemwambia Mbonimpa mbele ya watu: nikikuta mkwaruzo kwenye kufuli, kazi hana. Akauliza, na ikichemka njiani, mzee? Haitachemka, nikamjibu, kama hakuna anayeifungua. Akaangalia chini. Aha!

Jumamosi, 19 Julai
Niandike haraka. Tangu asubuhi nilikuwa nimejibanza kwenye migomba, namchungulia Kokuhirwa. Kamwagilia mboga zake maji ya kufulia. Yana povu la sabuni. Ya kufulia tu! Nilisikia nyumbani wananiita, mara tatu. Nilinyamaza, asije akaniona.
Nimerudi, nyumba tupu. Majirani wanasema uchungu umemwanza Celestina. Mama yake na Mbonimpa wamempakia, wameondoka.
Nimeshika mfuko. Ufunguo.
Sasa hivi jirani yetu Twagirayezu amefika kwa baiskeli, jasho tupu. Landrova imesimama katikati ya mlima wa kwenda Kayanga, inatoa mvuke. Celestina amelazwa kivulini, mama yake amemshika. Wanawake wa pale wameleta maji yao ya kunywa, ndoo sita, zimepangwa mbele ya boneti. Twagirayezu anapiga pampu, tairi la nyuma la baiskeli halina upepo. Aibu, Mungu wangu, aibu!
Mbonimpa ana nyundo mkononi. Amemtuma Twagirayezu aniulize: mzee anaruhusu kufuli livunjwe?