Mkia wa usipa nilioukata

Jumamosi ya Julai, jioni. Ukungu umekaa juu ya Matiri tangu asubuhi, nguo nilizofua juzi bado mbichi kwenye kamba, na mimi nimejifunga vitenge viwili nikiandika haya kwa simu. Mikono yangu bado inanuka parachichi. Skola yuko nje anafungia kuku. Hajaniangalia vizuri usoni tangu tulipomaliza kuzungumza.

Nina aibu. Naandika ili nisijizungushe.

Kwa asiyetujua, mimi ni Mnyasa wa Liuli, niliolewa huku milimani kwa Wamatengo. Mume wangu analima kahawa. Mimi nauza usipa, wale dagaa wembamba wa ziwani. Mdogo wangu ananitumia kwenye viroba, nami nawamwaga kwenye turubai siku ya gulio. Skolastika ndiye binti yetu mkubwa, yuko darasa la pili. Mdogo wake bado ananyonya, kwa hiyo usingizi wangu siku hizi ni wa kuokoteza.

Mwalimu wao alitangaza kwamba siku ya wazazi kutakuwa na mbio za magari ya mbao. Gari halisukumwi. Linaachiwa juu ya ubao ulioinamishwa, linateremka lenyewe, na linalofika mbali ndilo linaloshinda. Kila mtoto atengeneze na mzazi wake. Sharti lilikuwa moja: gari lisifanane na gari. Liwe kitu kingine chochote, ili mradi kina magurudumu.

Nilimuuliza Skola anataka tutengeneze nini. Nilidhani atasema kuku, au kiatu.

"Usipa," akasema.

"Usipa wangapi?"

"Mmoja tu. Mkubwa."

Baba yake msimu huu wa kahawa humwoni nyumbani mchana, kwa hiyo kazi ilikuwa yetu wawili. Seremala jirani alitupa kipande cha mti wa mlingoti, huu mkaratusi. Mimi nikachonga kwa panga, yeye akapiga msasa. Magurudumu tulikata kwenye ndala zilizokatika, tukayapitisha kwenye spoku za baiskeli. Macho ni vifungo vya shati la baba yake. Skola aliokota karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara, akazichana vipande vidogo vidogo, akavibandika kimoja kimoja ubavuni kwa uji wa sembe. Samaki akang'aa kweli.

Na mkia. Mkia ulikuwa wa panda mbili, mkubwa kuliko inavyostahili. Aliuchora yeye mwenyewe kwa mkaa, nami nikafuata mchoro wake. Aliusugua kwa msasa akiwa ametoa ulimi nje, akipapasa kwa kidole kila mara kuona kama umelainika.

Siku zile nilikuwa na furaha. Naliandika hili ili nikumbuke kwamba nilikuwa nayo.

Alhamisi wanawake walipita mbele ya nyumba wakitoka kuchuma kahawa. Jirani yangu Mama Editha alisimama, akamtazama yule samaki aliyeanikwa juu ya benchi akauke gundi.

"We Mnyasa," akasema, "sasa usipa wako wameota magurudumu? Wameona wanachelewa gulioni?"

"Waache," akadakia mwenzake, "wakifika wenyewe watatupunguzia bei."

Wote wakacheka. Nami nikacheka. Ndio utani wetu wa kila siku, na mimi huwa nawarudishia. Nawaambia wao bila usipa wangu wangekula ugali kwa kahawa. Lakini Alhamisi sikuwarudishia. Mtoto alikuwa amelia usiku kucha. Na muhula uliopita Skola alirudi na habari kwamba mwenzake hataki kukaa naye dawati moja, kwa sababu sweta lake linanuka samaki. Nililifua lile sweta mara mbili, nikalianika. Kicheko cha Alhamisi kikanirudisha kwenye sweta.

Nikamwona mwanangu amesimama mbele ya shule nzima, mkononi ameshika samaki.

Ijumaa, Skola akiwa darasani, nilichukua msumeno nikaukata mkia. Kisha nikabandua zile karatasi, nikasugua mpaka mbao ikabaki nyeupe. Mapezi niliyaacha, yalikuwa madogo, hayaonekani sana. Kilichobaki ungeweza kukiita hata muhogo.

Mkia nikautia mekoni. Uliivisha maharage.

Aliporudi alisimama mlangoni na mkoba wake mgongoni.

"Mama, mkia?"

"Nimeukata. Unashika upepo, unapunguza mwendo."

"Na magamba?"

"Yanaongeza uzito."

Akalitazama lile gari, akanitazama mimi. "Kumbe," akasema. Akalichukua akaenda kulijaribu sakafuni.

Hakuna kilichoniuma jana. Nasema ukweli. Jana nilijiona nimemwokoa.

Leo asubuhi tulipaka spoku parachichi lililoiva sana ili magurudumu yasikwame, tukaenda shuleni, mdogo wake mgongoni mwangu. Magari yalikuwa mengi. Kulikuwa na sufuria, buti, kuku, nyumba yenye paa la bati, na mtoto mmoja alileta punje ya kahawa kubwa kama kichwa chake. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Au tuseme walichekana wote, kwa sababu nani asicheke akiona sufuria linakimbia.

Kila aliyepita alimuuliza Skola hicho ni nini. Na yeye alimjibu kila mmoja.

"Ni usipa. Mama amemkata mkia ili akimbie."

Alimwambia mwalimu wake. Alimwambia mwalimu mkuu. Alimwamkia bibi mmoja aliyekuja na wajukuu, "Shikamoo bibi," na kabla bibi hajamaliza kusema marahaba akaanza kumweleza habari za upepo. Na kila alipomaliza aligeuka kunitazama, kama vile mimi ni fundi wa ndege.

Ndipo akaja Mama Editha na mumewe, mzee ambaye si wa kutoka shambani msimu huu kwa jambo la mchezo.

"Mama Skola, mkia uko wapi?" akauliza. "Nimemtoa huyu kwenye kahawa zake, nikamwambia njoo uone samaki alivyotengenezwa."

Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa umenywea.

"Ulikuwa unashika upepo," nikasema.

Akatazama uwanja. Ukungu ulikuwa umesimama palepale, hata bendera ya shule imelala kwenye mlingoti wake.

"Upepo upi?" akasema.

Nikajifanya mtoto ananivuta nywele.

Gari la Skola lilipoachiwa lilianza vizuri. Lakini kumbe ule mkia ndio uliokuwa unashikilia nyuma. Bila mkia uzito wote ulikuwa kichwani, na lilipofika mwisho wa ubao lilichoma pua chini, likapinduka, likabaki magurudumu juu yakizunguka. Watu wakacheka kama walivyocheka yule kuku wa mbao alipong'oka kichwa. Buti ndilo lililofika mbali.

Skola hakulia. Aliliokota gari lake, akalipangusa vumbi kwa sketi, akaja mpaka nilipokaa. Akaniwekea mkono begani, jinsi ninavyomwekea mimi akianguka.

"Usijali, mama," akasema. "Tungekata na mapezi."

Tungekata na mapezi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayasikia maneno hayo. Mtoto alitaka samaki mzima kwa sababu anawapenda, kwa sababu ndio wanaomnunulia daftari, kwa sababu mama yake kwao ni ziwani. Mimi nikamfundisha kukata. Na yeye, kwa kuniamini, alikuwa tayari kuendelea kukata pale nilipoishia. Nikajiuliza mwakani atakata nini tena, na safari hiyo hatahitaji msumeno wangu.

Tulipofika nyumbani nilimlaza mdogo wake, nikamkalisha Skola kwenye kigoda, nikakaa chini mbele yake.

"Mkia haukuwa na kosa," nikamwambia. "Niliukata kwa sababu niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya usipa."

Akafikiri. "Usipa wamefanya nini?"

Nilitaka kumweleza habari za watu, za vicheko, za lile sweta, na kila nilichofungua mdomo kusema kilikuwa kinamtupia mtu mwingine mzigo wangu.

"Hawajafanya kitu," nikasema. "Ni mimi tu."

"Kwa hiyo upepo ni uongo."

"Ni uongo."

"Na uzito."

"Na uzito pia. Nisamehe, mwanangu."

Nilisubiri alie nimbembeleze. Hilo ningeliweza. Nikamwambia nitamchongea mkia mwingine, mzuri kuliko ule. Akasema hautaki. Akawa anazungusha gurudumu moja la gari kwa kidole, polepole, bila kuniangalia.

"Mimi nimewaambia watu wote," akasema. "Wewe utawaambia lini?"

Humu ndani anayedanganya mbele za watu anarekebisha mbele za watu. Sheria hiyo niliiweka mimi, wala simlegezei. Nilitaka kumwambia kwamba mambo ya watu wazima ni tofauti. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza.

"Kesho," nikasema. "Baada ya misa."

Kesho ni Jumapili. Watu wakitoka kanisani husimama nje kusalimiana muda mrefu, na mimi nitapita kwa mmoja mmoja nikiwaambia kwamba hakukuwa na upepo, kwamba niliwaonea aibu samaki wa kwetu. Nilimwambia Skola nitaanza na mwalimu, maana mwalimu ni mpole.

Amekataa. Amesema nianze na Mama Editha, kwa sababu ndiye aliyekuja kuona mkia.