Vigelegele Kabla ya Jibu

...na hapana, Kaka Hamisi, sijamaliza. Umenikatia simu eti una kikao, basi yaliyobaki utayasoma, na nayaandika wazi ili hata wakulima wenzetu hapa kijijini Kitaya wayasome.

"Tatizo ni mtandao wenu wa kijijini," ulisema. Mtandao! Siku ile mtandao ulikuwepo. Mume wangu Selemani (acha niandike tena, mume wangu, mwezi wa pili huu na neno bado tamu mdomoni) alipanda kwenye kichuguu nyuma ya shule, akafungua ukurasa ulioutengeneza wewe kwa ajili ya chama chetu cha wakulima. Akaandika jina na nenosiri, akabonyeza. Ukurasa ukamwambia, "Karibu, umeingia." Akaomba miche mia mbili ya mikorosho. Ukurasa ukamwambia, "Asante." Alirudi nyumbani mbio, akanishika mkono, akanionyesha kila mche utakaposimama. Safu ya kwanza akaipa jina langu.

Siku ya kugawa miche, jina lake halikuwepo. Alisimama pale na toroli tupu.

"Bwana harusi, miche umeiota!" mmoja akamtania.

"Kamuulize shemeji yako wa kompyuta!"

Akacheka nao. Nyumbani hakucheka. Alikaa ukingoni mwa shimo la kwanza alilochimba, miguu ndani. Ungekuwa karibu ningekurushia jembe.

Nikafungua kompyuta uliyonipa siku ya harusi, nikasoma msimbo wako, yale maagizo yanayoendesha ukurasa, jinsi ulivyonifundisha nilipomaliza kidato cha nne, tumebanana kwenye kiti kimoja. "Ukurasa hausimami kusubiri," ulikuwa ukiniambia. "Unatuma ombi kwa seva, ile kompyuta kuu inayotunza orodha, unaendelea na shughuli zake, jibu likirudi unalisoma." Unalisoma, Kaka! Wewe umeandika kwamba jibu lolote likirudi, ukurasa useme karibu, au asante. Selemani alikosea herufi moja ya nenosiri. Seva ikajibu kwamba haimtambui, na ombi lake la miche ikalikataa vilevile. Jibu lilifika salama, ila hakuna aliyelisoma.

Unakumbuka posa yangu? Mshenga aliporudi kwa kina Selemani mara ya kwanza, shangazi yao alimwona tu anakunja kona, akapiga vigelegele. Ngoma ikatolewa, kuku wawili wakachinjwa. Mshenga akafika anahema: "Jamani, wamesema barua ipelekwe kwanza kwa mjomba wao!" Maana kwetu bila mjomba hakuna ndiyo. Uliposimuliwa ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mtu anashangilia miguu ya mshenga badala ya kusikiliza maneno yake!" Ulisema wewe, kwa mdomo wako. Kisha ukaenda kuwaandikia wakulima vigelegele vilevile.

Majirani watatu nao wamenijia. Wote walikaribishwa, wote walishukuriwa, hakuna aliyepata hata mche mmoja.

Marekebisho nimeshaandika. Jibu likiwa ndiyo, karibu. Likiwa hapana, ukurasa useme waziwazi kwamba jina au nenosiri si sahihi, na jina aliloandika mtu lisifutike. Jibu lisiporudi kabisa, useme halijarudi, ajaribu tena. Lakini ufunguo wa seva unao wewe. Awamu ya pili ya maombi inafungwa mwisho wa mwezi, na mashimo mia mbili ya mume wangu yanajaa maji ya mvua bure. Kila asubuhi mpenzi wangu anayapitia na kuyachota maji, kana kwamba miche iko njiani.

Usinitumie "sawa" kwenye simu. Sawa yako siitaki. Kabla mwezi haujaisha tutakuja huko kwako Naliendele, mimi na Selemani wangu. Nitakaa sebuleni kama mshenga, na sitanyanyuka mpaka niione orodha kwa macho yangu na jina lake limo. Chai utapika wewe.

Na mjomba tunakuja naye.

Dada yako mwenye hasira,
mke wa Selemani