Mwaka wa Kaka Ngowa

Kisauni, 9 Machi 1947

Kaka Ngowa, huko uliko,

Shikamoo. Mihogo ya Utange imekubali mwaka huu, na dada yetu Rispa amejifungua salama.

Mimi bado napanga vitabu katika maktaba ya misheni. Kitabu cha ngano ulichokitunga kinasomwa hadi kurasa zimelegea. Kadi yake naijua kwa ghibu: jina lako, mwaka uliozaliwa, kistari, kisha pahala patupu. Juzi Bwana Dishon, mkubwa wangu, alinipa kalamu. "Vita vya Bama alivyokwenda kaka yako vimekwisha zamani, Kafedha. Jaza mwaka aliokufa."

"Nani kamzika, Bwana?" nikamuuliza. Akaondoka, kalamu akaniachia.

Nyumbani ndiko nilikoshindwa. Mama anakuota. Wasimama mlangoni, nguo zako za askari wa keya zimerowa, wamwambia, "Mama, nasikia baridi." Wawajua wazee wetu: alalamikaye baridi ndotoni ni mfu anayetaka asimikiwe koma, kigingi cha roho yake. Basi Mama, na Ukristo wake wote, amekwisha kuchongesha kigingi chako. Kesho atakisimika kando ya kaburi la Baba.

Kaka, kama u hai, acha kuja ndotoni. Njoo kwa miguu yako. Kama umekufa, leo usiende kwa Mama. Nijie mimi. Sitakuuliza wataka nini. Nitajie mwaka tu, nami nitauandika.

Kalamu nimeilaza chini ya mto wangu.

Mdogo wako,
Kafedha