Ukoko wa Kuze

Mbaraki, Mombasa
Jumapili, 18 Agosti 1996

Kwako Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani kwa Priscah, yule niliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye siku hizi ni karani bandarini. Mwili wangu ni mzima. Je, goti lako limepata nafuu? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anatudanganya? Najua mjukuu wako Naomi ndiye anayekusomea, kwa sababu ya macho yako. Namwomba asome polepole, na mkifika mahali nilipopiga mstari, afunge mlango kwanza.

Nilikuaga kwamba nakuja kupumzika likizo hii, nami nimepumzika mpaka nimechoka. Priscah alinipeleka Feri, tukavuka hadi Likoni na kurudi bila shughuli yoyote, eti nione maji tu. Halafu jana akaniambia nisile mchana, kwa sababu alasiri kule Kuze, katika Mji wa Kale, kuna Siku ya Ukoko. Nilicheka sana. Kwetu ukoko ni wa watoto na mbwa, nani anaufanyia sherehe?

Mama, wanaufanyia. Kila nyumba katika kichochoro kile hutoa seredani, yaani jiko la makaa, mlangoni na kupika wali wa nazi, kisha hupalia makaa juu ya kifuniko. Wali wenyewe unagawiwa kila mpita njia, hakuna anayeusifu. Kinachongojwa ni ule ukoko wa chini, utoke mzima kama sahani. Hakimu ni Bwana Muhdhar, fundi cherehani mstaafu aliyebakiwa na meno matatu. Haonji. Anaugonga kwa ukucha na kuutegea sikio, na watu wote wananyamaza. Mwenye ukoko mzuri anapewa leso, na wa kwake ukivunjika atataniwa mwaka mzima. Mimi nilipewa kipande na mama mmoja, Bi Rukiya, akanionya kuwa mla ukoko hunyeshewa mvua siku ya arusi yake. Nilipomwambia nina miaka thelathini na minne na sijaolewa, akasema basi mvua yangu imekwisha kunyesha yote, nile bila wasiwasi. Nilimpenda hapo hapo.

Nilikuwa bado natafuna niliposikia mtu ndani ya nyumba yake akipiga tako la sufuria kwa vifundo vya vidole. Mara tatu, kisha kimya, kisha mara moja. Nikaacha kutafuna. Mama, unamjua mtu aliyekuwa akipiga sufuria hivyo ili ukoko uachie, mpaka Baba akamfukuza jikoni.

____________________

Naomi, funga mlango. Mama, keti.

Joab yu hai.

Alitoka na sinia mkononi, ana kofia na ndevu, na paji lake ni lile lile la Baba. Nilimwita. Bi Rukiya, ambaye ndiye mkewe, akanisahihisha kwa upole kuwa huyo ni Abdulhalim. Yeye aliweka sinia chini. Alinikalisha barazani, akangoja mkewe aingie ndani kuleta kahawa, ndipo akaniuliza kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini, kama kaburi lake limejengewa saruji au bado ni udongo.

Akaniambia kuwa tishali lao la kupakulia mizigo ya meli lilipopinduka mwaka ule, watu wa Kuze ndio waliomwokota na kumuuguza. Akasilimu, akataka kuoa, akaandika nyumbani kueleza kila kitu. Jibu hakupata. Baadaye mtu wa kwetu anayefanya kazi reli alimkuta sokoni, akakimbia kama aliyeona pepo, kisha akarudi kumweleza kwamba nyumbani alikwisha kuzikwa, tukauweka mgomba ndani ya jeneza badala ya maiti na kwaya ikaimba; Joab akamwapisha asitufikishie habari. Joab anaamini wewe uliisoma barua yake, ukaamua kumzika akiwa hai kwa kuwa ameacha kanisa. Aliniambia hakulaumu, ila mtu aliyezikwa na mamaye hana njia ya kurudi kwake. Usiku, anasema, huota udongo ukimwagika juu ya kifua.

Mama, barua ile hukuisoma. Ilipitia sanduku la posta la shule ninapofundisha, ikanifikia mimi siku tisa kabla ya mazishi. Baba alikuwa ameshasema mtoto atakayeacha kanisa ni heri amzike, nami nikaogopa nyumba ingevunjika na wewe ungekuwa katikati. Nilijidanganya kwamba kifo utakizoea, lakini aibu hutaizoea. Nikaichoma. Wazee walipokwenda kukata mgomba nilinyamaza, na udongo nilitupa kwa mkono huu huu. Miaka minane nimekuona ukipalilia majani juu ya mgomba uliooza, na kila Desemba nimekushikia jembe.

Na jana, Mama, aliponiambia ni wewe, nilinyamaza tena. Nilikunywa kahawa yake, nikaaga. Sijalala tangu hapo. Nikifumba macho nasikia ile sufuria.

Kesho asubuhi nitapitia posta kwanza, kisha nitakwenda Kuze kumwambia ni mimi. Ninaijua miguu yangu, huenda ikageuka njiani. Ndiyo maana barua hii inatangulia. Mimi nikishindwa kusema, wewe utakuwa umeshajua, na utamwandikia mwenyewe. Usiandike Joab juu ya bahasha, huku hawamjui mtu huyo. Andika Abdulhalim, kwa Bwana Muhdhar, Kuze; fundi huyo anajulikana na wote.

Nisalimie majirani wote, ila usiwaambie kitu hadi moyo wako utulie. Goti ulikande kwa maji moto. Msamaha siuombi leo, naomba tu usimpe Naomi aandike jibu lako kwangu. Likiwa ni kunifukuza, nifukuze kwa mwandiko wako, hata kama macho yataupinda.

Ni mimi niliyekuzikia mwana aliye hai,
Nanjala